Msaragambo: neno lililotoka mlimani likafika ofisini

Matangazo ya vijijini hutufikia studio kila wiki. Misiba, mikutano, ng'ombe aliyepotea, siku ya mnada. Na karibu kila wiki, hasa mvua za vuli au masika zinapokaribia, huja tangazo la aina hii: kijiji fulani, kitongoji fulani, Jumanne kuanzia saa moja asubuhi, kila kaya itoe mtu mmoja mwenye jembe, sururu au chepeo. Mwishoni kuna sentensi ambayo imekuwa kama muhuri: asiyefika, hatua zitachukuliwa dhidi yake. Na juu kabisa ya karatasi huwa kuna neno moja tu, kwa herufi kubwa: MSARAGAMBO.

Hewani hatulielezi. Hapa Same hakuna asiyelijua, kuanzia mjini kando ya barabara kuu hadi Vudee, Chome, Mbaga na Mamba Miamba. Lakini ujumbe unaotufikia baada ya tangazo si ule wa kuuliza saa na mahali tu. Watu wanauliza: Ni lazima? Nani ameuitisha? Nikituma hela badala ya kwenda, inatosha? Hesabu za ule wa mwaka jana zilisomwa wapi?

Haya si maswali ya wavivu. Ni maswali kuhusu maana ya neno. Msaragambo ni jina la kazi, lakini pia ni jina la makubaliano: nani anaita, nani anakuja, nani ananufaika, na asiyekuja anafanywa nini. Neno hili limesafiri mbali, na kila liliposafiri bila makubaliano yake, watu wamelistukia. Makala haya yanafuata safari hiyo.

Neno na sura zake

Msaragambo limetoka Chasu, lugha ya Wapare, ambao wenyewe hujiita Vaasu. Maana yake ya msingi ni kazi inayofanywa na jamii nzima kwa ajili ya kitu cha jamii nzima: barabara ya kijiji, mfereji wa maji, darasa, zahanati, daraja la miti.

Mpaka wake ni muhimu. Jirani akikuita kumsaidia kulima shamba lake, naye wiki ijayo akaja kwako, huo si msaragambo. Huko ni kukopeshana nguvu, na deni linalipwa mtu kwa mtu. Msaragambo hauna mwenye shamba. Unachimba mtaro unaopita mbele ya nyumba ya usiyezungumza naye, na yeye anachimba unaopita mbele ya kwako.

Lilipoingia katika Kiswahili, neno hili lilikaa bila taabu kwenye ngeli ya M-MI: msaragambo umeitishwa, misaragambo imezidi. Wengine hutamka na kuandika msalagambo, kwa ile tabia ya l na r kubadilishana viti katika lugha zetu nyingi. Leo limo kwenye Kiswahili cha magazeti, cha taarifa za halmashauri na cha mikoa ambayo haina hata kilima kimoja cha Upare.

Matumizi nayo yamezaa maana nyingine. Msaragambo ni kazi yenyewe: "Tulifanya msaragambo wa kuchimba msingi." Ni siku: "Kesho ni msaragambo, duka halifunguliwi asubuhi." Na ni mchango wa pesa unaodaiwa kwa jina la kazi: "Sijalipa msaragambo." Maana hii ya mwisho ndiyo inayoleta maneno mengi leo, na tutairudia.

Anayejua Kiswahili husikia pia, mwishoni mwa neno hili, mwangwi wa neno mgambo. Kabla ya mgambo kuwa askari wa akiba au yule anayekimbizana na wamachinga, ulikuwa wito wa watu wote kukusanyika kusikia jambo, na ndiyo maana methali inasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kufanana kwa maneno si cheti cha kuzaliwa. Hata hivyo picha ni ileile: sauti inalia, watu wanatoka majumbani.

Zamani sauti hiyo ilikuwa pembe, iliyopigwa mahali pa juu ili isikike ng'ambo ya bonde. Leo ni kipaza sauti, ni ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la kitongoji, na ni sisi wa redio. Kwa hiyo swali la nani ana haki ya kupiga pembe linatuhusu moja kwa moja.

Mahali neno lilipofanya kazi yake: ndiva

Mtu akitaka kuuona msaragambo katika umbo lake la asili, asiende ofisini. Aende kwenye ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe lililojengwa kwenye njia ya mfereji. Mfereji unachukua maji ya mto au kijito kwenye banio huko juu, unayaleta polepole kwa kufuata mgongo wa mlima. Usiku, wakati hakuna anayemwagilia, maji yanajaa kwenye ndiva. Asubuhi tundu linafunguliwa, na maji yaliyokusanywa usiku kucha yanatoka kwa nguvu ya kufika mashamba ya mbali, ambayo mkondo mdogo wa moja kwa moja usingefika bila kunywewa na udongo njiani. Haihitaji pampu wala umeme. Ni akili na mteremko.

Ziko Upare Kaskazini, Mwanga ya leo, na ziko Upare Kusini. Kwenye bonde la mto Makanya, kwa mfano, maji yanayoanzia upande wa Vudee yanategemewa na watu wa katikati kama Bangalala, na mto ukijaliwa unafika Makanya tambarare. Milima inapata mvua, tambarare ina jua. Ukisimama Same mjini unaona mawingu juu ya Shengena na vumbi miguuni mwako. Ndiyo sababu maji hapa si suala la kiufundi tu, ni suala la nani yuko juu na nani yuko chini.

Sasa, ndiva na mifereji vina adui mmoja asiyechoka: tope. Mvua moja kubwa inaweza kujaza bwawa mchanga na kubomoa banio. Bila watu wengi kuingia kwa siku moja, wakazoa tope na kuziba mipasuko, mfumo mzima unakufa. Hapo ndipo msaragambo una mantiki isiyohitaji hotuba. Anayeita ni kamati ya mfereji, watu wanaojulikana kwa majina. Anayekuja ni yule mwenye zamu ya maji. Anayenufaika ni huyohuyo. Na asiyekuja bila sababu anatozwa faini, au zamu yake inarukwa. Adhabu inatoka palepale ilipo faida.

Tusilipambe zaidi ya ukweli. Utaratibu huo ulikuwa na wakubwa wake na wadogo wake. Koo zilizochimba mfereji mwanzo zilikuwa na sauti kuliko wageni, na katika sehemu kadhaa za Upare mila iliwazuia wanawake kukaribia banio. Mila hiyo leo inagongana na hali halisi, kwa sababu wanaume wengi wako Moshi, Arusha, Tanga na Dar es Salaam, na kaya zinazoitwa kutoa "mtu mmoja" mara nyingi zina mama, bibi na wanafunzi. Jembe limebadilisha mikono kuliko neno lilivyobadilika.

Hata siku ya kufanya kazi ni jambo la kukubaliana. Waadventista Wasabato walifika Upare mwaka 1903, wakaanzia Giti, na leo kuna vijiji ambako kuitisha msaragambo Jumamosi ni sawa na kutangaza kwamba hutaki watu waje. Kwingine ni Ijumaa mchana, kwingine Jumapili. Mwenyekiti anayejua watu wake huweka katikati ya wiki. Anayetumiwa tarehe kutoka juu hana nafasi hiyo.

Mbiru: mara ya kwanza jina lilipoazimwa

Upare una kumbukumbu ya kinachotokea serikali inapovalisha jambo jipya jina la zamani. Kumbukumbu hiyo inaitwa mbiru.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, utawala wa Waingereza pamoja na machifu wa Upare walianzisha kodi mpya ya kupanda kwa kadiri ya mali na kipato cha mtu, juu ya kodi ya kichwa iliyokuwapo. Kodi hiyo ikapewa jina la Kipare, mbiru, jina lililokumbusha matoleo ya kale kwa watawala. Hesabu ilikuwa rahisi: jina likiwa la nyumbani, mzigo hautaonekana mgeni.

Wapare hawakudanganyika. Malalamiko yao hayakuwa kwamba hawataki kulipa kodi yoyote. Walikataa kukadiriwa: mtu kuja kuhesabu ng'ombe, kahawa na mashamba yako, kisha kuamua peke yake unastahili kulipa kiasi gani, huku jirani yako mwenye ujamaa na mkubwa akikadiriwa kidogo. Januari 1945 watu kwa maelfu waliteremka kutoka milimani na kukusanyika Same, makao ya wilaya, wakataka kodi hiyo iondolewe. Walishikilia msimamo. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliingia katika mgogoro huo kwa maandamano yao wenyewe, jambo ambalo watawala hawakulitarajia. Kabla miaka hiyo ya 1940 haijaisha, mbiru ilikuwa imefutwa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyeandika sana juu ya Upare, aliiandikia mbiru kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1971, na wanafunzi wa historia bado wanakisoma.

Wapo wanaotutania Wapare kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili kuendesha kesi ya kuku. Kwenye mbiru utani huo unapata maana nyingine. Kuku hakuwa hoja. Hoja ilikuwa nani ameamua, na kwa kipimo gani.

Kazi za lazima nazo zilikuwa na historia yake. Utawala wa kikoloni ulipita kwa machifu, na machifu walikuwa na njia iliyo tayari ya kukusanya nguvu za watu. Kuita kazi ya lazima kwa jina la kazi ya jamii kulikuwa rahisi, na si Upare peke yake. Katika milima ya Usambara na Uluguru, amri za kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko zilizua upinzani mkali miaka ya 1950, na Uluguru mwaka 1955 zikafikia ghasia. Tuta lenyewe halikuwa baya. Ubaya ni kwamba aliyechimba hakuulizwa.

Uhuru, na "nguvu za wananchi"

Baada ya Uhuru, kazi ya pamoja ilipata heshima mpya. Kujenga taifa kulimaanisha kujenga kwa mikono, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kujitegemea likawa neno la siku. Lugha ya serikali ilipendelea "nguvu za wananchi" na "kazi za kujitolea". Lakini mdomoni, kuanzia Upare na kuenea mikoani, msaragambo lilishinda kwa sababu lilikuwa fupi, zito na halikuhitaji maelezo.

Mengi yalijengwa hivyo. Katika Upare watu walijenga shule kwa mawe yaliyobebwa kichwani na mchanga uliozolewa mtoni, na waliokwenda mjini walituma mabati. Wimbi kubwa la mwisho ambalo wengi wetu tunalikumbuka kwa macho yetu ni la shule za sekondari za kata, kuanzia mwaka 2006, pale karibu kila kata nchini ilipotakiwa kuwa na yake. Misingi, kuta na tofali vilitoka kwa wananchi. Mabati na walimu viliahidiwa na serikali, na si kila mahali vilifika kwa wakati mmoja.

Kisha upepo ukageuka. Tangu Januari 2016 ada zilifutwa hadi kidato cha nne, na Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa kukabili athari za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini ndani ya miezi michache. Kwa mara ya kwanza watoto wengi wa vijijini waliona darasa likisimama bila baba yao kubeba jiwe.

Wakati huohuo mpango wa TASAF ukaleta ajira za muda: kaya maskini zinafanya kazi za jamii, kama barabara za vijijini na mabwawa, na zinalipwa ujira wa kutwa. Lengo lake ni jema na walengwa wanastahili. Lakini limeacha swali kijijini. Kama mtaro wa upande ule unachimbwa kwa ujira, kwa nini wa upande huu uchimbwe bure kwa tishio la faini? Viongozi wengi wa vijiji hawana jibu, kwa sababu hawakuandaliwa kulijibu.

Jembe lilipogeuka bahasha

Badiliko kubwa zaidi lakini ni lile la kimyakimya: pesa kuchukua nafasi ya jasho.

Mwanzo lilikuwa suluhisho la haki. Aliye Dar es Salaam hawezi kupanda basi kuja kuzoa tope, lakini shamba la baba yake linanywa maji ya mfereji. Basi atume kitu, anunuliwe kijana wa kuchimba sehemu yake, au zinunuliwe saruji na chakula cha wachimbaji. Makande ya msaragambo hayajipiki yenyewe. Simu za mkononi zimeufanya utaratibu huu kuwa wa dakika moja.

Tatizo ni kwamba jasho huonekana na pesa haionekani. Ukichimba mita tano, kila mtu aliyepo anaziona. Ukituma shilingi elfu tano kwenye namba ya mtu, unachokiona ni ujumbe kwamba salio lako limepungua. Msaragambo wa jembe ulijisimamia wenyewe hesabu. Msaragambo wa bahasha unahitaji daftari, risiti na mkutano wa kusoma mapato na matumizi. Pale ambapo daftari limekuja na pesa, watu wanaendelea kutoa. Pale ambapo pesa imekuja bila daftari, neno limeanza kunuka, na mtoza pesa hapokelewi tena kama mjumbe bali kama mkadiriaji. Ni mbiru inarudi kwa mlango wa nyuma.

Sheria inasemaje?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti. Lakini ibara hiyohiyo inaeleza kazi ambazo hazihesabiwi kuwa za shuruti, zikiwamo zile ambazo ni sehemu ya majukumu ya kawaida ya kuhakikisha ustawi wa jamii. Huo ndio mlango ambao msaragambo unapitia kisheria.

Kijiji kina nguvu zake. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, serikali ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, zikajadiliwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Faini ya kutofika kwenye msaragambo inapaswa kuwa na mzizi huo. Kama haimo kwenye sheria ndogo iliyoidhinishwa, ni sauti ya mtu, si sheria. Na mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, si wa wajumbe peke yao.

Nje ya nchi pia tunaangaliwa. Tanzania iliridhia Mkataba Namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kazi ya shuruti mwaka 1962, na wataalamu wa shirika hilo wamehoji mara kwa mara sheria zetu zinazoruhusu kulazimisha kazi za jamii. Mkataba wenyewe unakubali kazi ndogo za kijiji zenye faida ya moja kwa moja kwa wakazi, kwa sharti kwamba wakazi au wawakilishi wao wameulizwa kama zinahitajika. Mzee wa kamati ya ndiva ambaye hajawahi kusikia habari za Geneva angekubaliana na kila neno la sharti hilo.

Majirani na maneno yao

Hatuko peke yetu. Kenya ilipopata madaraka mwaka 1963, Jomo Kenyatta alilifanya harambee kuwa wito wa taifa, na limo kwenye nembo ya nchi hiyo. Ni neno la watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja, ingawa wapo Wakenya wanaodai lina asili ya Kihindi na wakaligombania kwa sababu hiyo. Harambee ilijenga shule nyingi, kisha ikageuka jukwaa la wanasiasa kutoa pesa mbele ya kamera. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ilijaribu kuidhibiti, na Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa umma kushiriki harambee.

Rwanda ilichukua njia nyingine. Umuganda ni Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kwa sheria ya mwaka 2007, kwa watu wa miaka 18 hadi 65, na asiyefika anaweza kutozwa hadi faranga 5,000. Miji inang'aa, na wanaosifu ni wengi. Lakini siku na saa vimewekwa na dola. Kongo nako kuna salongo, neno ambalo enzi za Mobutu lilimaanisha kazi ya lazima kwa taifa, na ambalo wakazi wa Goma na Bukavu hulisikia hadi leo siku ya usafi. Sisi wenyewe tumekuwa na Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi, iliyopata nguvu baada ya sherehe za Uhuru za Desemba 9, 2015 kugeuzwa siku ya kufagia.

Maneno haya matatu yanatuonyesha njia tatu ambazo kazi ya pamoja inaweza kufuata ikipanda ngazi: kuwa jukwaa la wakubwa, kuwa ratiba ya dola, au kuwa amri inayochukiwa. Msaragambo bado una nafasi ya kutofuata hata moja, kwa sababu bado unaitishwa na kijiji, si na Dodoma.

Na sasa maji ya bomba

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochukua maji kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu. Ulisubiriwa kwa miaka mingi, na kwa mji wa Same, ambako ndoo ya maji imewahi kuwa bajeti ya siku, ni nafuu isiyo na mfano. Hatuna la kuongeza kwenye furaha hiyo.

Lakini bomba lina lugha yake: mita, ankara, mteja, kukatiwa. Anayelipa anapata. Haulizwi alikuwa wapi siku ya tope. Kwa maji ya kunywa, hiyo ni haki na ni raha. Hatari iko pale watu watakapodhani kwamba bomba limefuta msaragambo wote. Bomba halimwagilii tangawizi za Mamba Miamba wala mahindi ya Bangalala. Ndiva na mfereji vitaendelea kuhitaji mikono, na sasa vitahitaji pia kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, chini ya sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009. Mwenye mfereji wa mababu anajikuta mteja wa ofisi upande mmoja na mchimbaji wa kujitolea upande mwingine. Kamati zilizojisajili na kuweka kumbukumbu zina pa kusimamia zikiitwa mezani. Zile zinazotegemea desturi peke yake zinaweza kujikuta zinaambiwa kwamba mto si wao.

Ndiyo maana tunasema kinachogombaniwa hapa si neno la kamusi. Kijiji kisichojua tena kuitana hakiwezi kuzoa tope, na pia hakiwezi kwenda pamoja ofisini kudai maji yake. Uwezo ni uleule.

Tunachouliza kabla ya kusoma tangazo

Kwa kuwa sisi ndio pembe ya siku hizi, tumejiwekea maswali manne. Tangazo la msaragambo likitufikia, tunampigia aliyelileta na kumuuliza: Nani ameamua, na ni kwenye mkutano gani? Kazi ni ipi hasa, na inaishia wapi? Anayetoa pesa badala ya kuja anapewa risiti gani, na hesabu zitasomwa lini? Na ile "hatua" dhidi ya asiyefika, imeandikwa kwenye sheria ndogo ipi?

Mara nyingi majibu yapo, na tunayasoma pamoja na tangazo. Wakati mwingine yanakosekana, na tangazo linarudi kijijini likiwa na penseli pembeni. Hatufanyi hivyo ili kuuzuia msaragambo. Tangazo lenye jina la aliyeita, kazi inayojulikana na tarehe ya hesabu halihitaji sana ile sentensi ya vitisho mwishoni.

Msomaji naye anaweza kuuliza yaleyale, kabla ya kushika jembe au kutuma elfu tano. Ni haki yake kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na mwenyekiti mwenye daftari safi hatakasirika.